Wageni wa Hodhini

Mtu aliyezaliwa Unguja, akakuzwa kwa changu na kibua, si rahisi kumfahamisha kwamba yumkini samaki akanunuliwa kwa fedha, akatiwa nyumbani, akalishwa na kustareheshwa, kisha asiliwe. Jirani yangu, mvuvi na mwana wa mvuvi, alipopata habari kwamba nimeweka barazani hodhi ya kioo yenye samaki waliovushwa bahari kutoka Dar es Salaam ndani ya mfuko wa nailoni, alikuja mbio na bakuli. Na alipoinama akawaona, kila mmoja hazidi pingili mbili za kidole, alilirudisha bakuli kwapani taratibu, akanipa pole.

Walikuwa wale waitwao neoni, wenye mstari wa buluu unaong'ara ubavuni na wekundu uendao mkiani, ambao asili yao ni vijito vya Amazoni ya juu, na ambao wataalamu waliwapa jina lao la kisayansi mwaka 1936. Pamoja nao muuzaji alinitilia samaki mmoja mpana, mwenye mapezi marefu na mwendo wa taadhima, aitwaye malaika, akaniapia kwamba hana makuu na mtu.

Walichokikuta kwetu ni ukarimu. Katika nyumba za huku mgeni hapiti bila ya kutia kitu mdomoni, na hawa walikuwa wageni, tena wa mbali. Kwa hivyo kila aliyeingia, baada ya kutoa salamu na kuulizia hali za watoto, aliona ni utovu wa adabu kuipita hodhi mikono mitupu: watoto wakatupia mkate wa mofa, wakubwa punje za wali, na shangazi yangu, ambaye hajapata kumsadiki mtu asemaye ameshiba, akawavunjia visheti kwa ncha za kucha huku akiwaombea dua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wamenena wahenga. Lakini siku ya tatu hawa hawakuwa na hali ya kushika jembe. Walikuwa wametweta juu ya maji, vinywa wazi, matamvua yamewaiva, na maji yenyewe, ajabu, yalikuwa bado meupe ya kupendeza.

"Mjomba, hawa hawafi kwa njaa," alisema mpwa wangu, ambaye anasomea viumbe vya majini. Akaeleza kwamba kila tonge lisiloliwa na kila kinyesi huoza kikawa amonia, ambayo katika hodhi ya zamani hugeuzwa na bakteria ikawa naitraiti, na bakteria wengine wakaigeuza tena ikawa naitreti, isiyo na madhara makubwa. Walakini bakteria hao huota polepole katika changarawe na chujio, aghalabu wiki nne hadi sita, na hodhi mpya, kwa unadhifu wake wote, haina hata mmoja wa kutosha kazi. Isitoshe, maji ya kisiwa chetu cha mawe ya matumbawe yamejaa chokaa, na katika maji ya namna hiyo, tena yenye joto, amonia huzidi ukali; ilhali neoni kwao wamezoea maji laini yenye asidi. (Unguja ina samaki wake mdogo wa rangi, Nothobranchius guentheri, aishiye katika madimbwi ya mvua, ambaye dimbwi likikauka hufa, na mayai yake yakangoja matopeni hadi mvua nyingine. Huyo hajapata kuvunjiwa visheti na mtu.)

Mushkeli ukabaki katika hesabu, kwa kuwa maiti hawakulingana na walioghibu. Akatuhumiwa paka, akahukumiwa kulala uani bila ya ushahidi, ijapokuwa kifuniko cha hodhi kilimshinda uzito. Usiku mmoja umeme ukakatika, nikaenda na kurunzi kutazama hali ya maji, nikamkuta malaika amesimama katikati kwa utulivu wa kadhi, na pembeni mwa mdomo wake pamechomoza kijimkia chekundu, na kipande cha mstari wa buluu bado kinang'ara. Paka akasamehewa, wala hakuonyesha kujali.

Walipokwisha neoni, malaika akapewa aliyemtaka, na mpwa wangu akaamuru hodhi ikae bila ya samaki, wala lisiingie tonge la mtu, ila kamba mbichi mmoja atiwe aoze humo, ili bakteria wapate chakula. Mke wangu, ambaye bei ya kamba sokoni anaijua, aliuliza ni elimu gani hii inayowanyima walio hai ikayalisha maji matupu. Shangazi peke yake ndiye aliyeridhika. Aliisogelea hodhi, akamtazama yule kamba anavyopauka juu ya changarawe, kisha akanigeukia: "Na hao wasioonekana, mwanangu, hawatiliwi ndimu?"