Eti Mawazo Ndiyo Yametoboa Tumbo

Jamani, hebu mtu ashike tumbo kijiweni aone. Kikombe cha kahawa hakijapoa, ameshapewa chanzo cha ugonjwa wake, tena si kimoja. Huyu atasema mawazo. Yule atasema pilipili. Mzee wa bao atatikisa kichwa: kijana unalala na njaa. Halafu atakuwepo wa kunong'ona kwamba mtaa wa pili kuna mtu hampendi. Aa, nimesonya mpaka ulimi umechoka! Jambo hili linaniuma, kwa sababu wapo watu waliolishwa maneno hayo miaka na miaka, na dawa hawakuiona.

Hospitali wana neno lao, etiolojia. Daktari akiliandika anauliza: ugonjwa huu umeletwa na nini, na umepita njia gani hadi ukamfika mtu huyu? Mzizi wake ni Kigiriki, aitia, na hapo ndipo pananigusa. Wagiriki wa kale walitumia aitia kwa maana ya sababu, na neno hilohilo likabeba pia maana ya lawama na mashtaka. Sisi kijiweni tumebaki na hiyo maana ya pili. Tukiulizwa chanzo, tunatafuta mshtakiwa. Na mshtakiwa wa karibu kabisa ni mgonjwa mwenyewe: unawaza sana, huli kwa wakati, umejitakia.

Basi tuvizungumze hivyo vidonda vya tumbo, maana kila nyumba inavijua.

Si sisi peke yetu tuliosema mawazo. Hata madaktari wa Ulaya na Marekani, kwa miaka mingi ya karne iliyopita, waliamini hivyo: wasiwasi, asidi nyingi, chakula kikali. Mgonjwa akapewa maziwa na vyakula laini, akaambiwa apumzike. Wengine walikatwa sehemu ya tumbo. Mwaka 1979 huko Perth, Australia, daktari wa maabara Robin Warren akaona kwenye darubini vijidudu vilivyopinda, vimejikalia kwenye ngozi ya ndani ya tumbo. Wengi walishikilia kwamba hakuna bakteria anayeweza kuishi kwenye asidi ile. Akaungana naye daktari kijana, Barry Marshall. Walihangaika kuwaotesha wale bakteria maabara, wakagoma. Kumbe walikuwa wanatupa vyombo mapema mno. Mwaka 1982 ikaja sikukuu ya Pasaka, vyombo vikaachwa siku kadhaa, waliporudi wakakuta bakteria wameota.

Bado watu hawakuamini. Mwaka 1984 Marshall akachukua bakteria hao akawanywa. Ndiyo, akawanywa! Siku chache baadaye akawa anatapika, na kipimo kikaonyesha tumbo lake, lililokuwa zima, limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria mwenyewe anaitwa Helicobacter pylori, na huku kwetu watu wengi tunaye, mara nyingi tangu utotoni, tukiambukizana majumbani.

Sasa hapa kijiwe kinaruka: kama ni bakteria, mbona fulani anaye na haumwi? Swali zuri sana, na ndilo linaloonyesha etiolojia ina kazi gani. Wengi wenye bakteria huyo hawapati kidonda maishani mwao. Ili kidonda kitokee, mambo hukutana: aina ya bakteria, mwili wa mtu, sigara. Tena kuna chanzo kingine kikubwa kisichohitaji bakteria hata mmoja, nacho tunacho mfukoni. Fundi anaumwa mgongo, dereva wa bodaboda anaumwa kiuno, kila jioni diklofenaki, kila asubuhi aspirini, miezi inakwenda. Dawa hizo hupunguza kinga ambayo tumbo hujitengenezea dhidi ya asidi yake lenyewe. Huyu naye tumwambie aache mawazo?

Sisemi dhiki haina lake. Mwenye dhiki huumia zaidi, halali, havuti pumzi vizuri. Ila kumwambia mama anayetapika damu, au anayepata choo cheusi kama lami, kwamba apunguze kuwaza, huko ni kumchelewesha kufika hospitali. Mimi nakuita ukatili, hata ukisemwa kwa upole.

Kuna na cheti cha namna nyingine, kile kilichoandikwa chanzo hakijulikani. Kikifika mtaani kinasomwa vingine kabisa: madaktari wameshindwa, kwa hiyo amerogwa. Sivyo! Wagonjwa wengi wa presha ya kupanda hawana chanzo kimoja cha kukinyooshea kidole, lakini presha yao inapimika na inatibika. Na kifafa je? Yapata miaka 2,400 iliyopita waandishi wa upande wa Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, walishasema ugonjwa huo hauna utakatifu kuupita mwingine wowote, una asili yake mwilini. Leo hii bado mtoto wa jirani anafichwa ndani kwa ajili hiyo.

Kupenda kujua chanzo si kosa. Bibi zetu walitusimulia kwa nini gamba la kobe lina mistari, na walimu wa fasihi wanaziita hadithi hizo ngano za usuli. Wageni wanaziita za kietiolojia, neno lilelile la hospitali. Ngano ile haimlaumu mtu wa mtaani, wala haimzuii kobe kupata matibabu. Maneno yetu ya kijiweni yanazuia.

Kwa hiyo ukiumwa, kapime. Kipo kipimo cha choo, kipo cha pumzi, kipo cha mpira wenye kamera. Wakikukuta na bakteria utapewa antibayotiki za aina mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na muda wake kwa kawaida ni siku 7 hadi 14. Zimalize, hata kama siku ya tatu tumbo limetulia. Na ukishamaliza, zikipita wiki nne rudi upimwe tena uone kama wametoka, maana hapo ndipo wengi wetu hatufiki.