Zamu Yangu ya Kutuma Iko Wapi?

Nimeanza kutumwa tangu nilipojua kutembea, na mpaka leo nina mvi kidevuni bado natumwa. Waliobadilika ni watumaji.

Magomeni ya miaka ya 1980, mtoto hakuwa wa wazazi wake peke yao. Mtu mzima yeyote aliyekaa barazani alikuwa na haki ya kukuita, "We mtoto, njoo," akakukabidhi chupa ya mafuta ya taa na sarafu, hata jina lako halijui. Bibi yangu alikuwa na saa yake mwenyewe: anatema mate chini, anakuambia urudi kabla hayajakauka. Jua la Dar es Salaam la saa saba mchana hilo! Ulikimbia kama mwizi. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na tangu hapo hatujapata nyingine. Wataalamu wana sababu zao. Mimi nasema mabibi waliacha kutema mate.

Baada ya vita vya Kagera bidhaa zikaadimika, nasi watoto tukapandishwa cheo, tukawa washika foleni. Unaamshwa alfajiri kwenda duka la kaya, unapanga jiwe lako nyuma ya mawe ya wenzio, mama anafika saa nne na kukuta sukari imekwisha. Kosa ni lako. Redio ya baba ikififia sauti, unatumwa kuanika betri juani, tena ukae hapo uzilinde. Televisheni sisi wa bara tulikuja kuiona 1994, wakati huo nimeshaota ndevu.

Sasa mwanangu. Ana miaka kumi na mmoja na chenji ya duka hajawahi kuishika. Juzi nilimwambia akaninunulie nyanya, akaomba nimtumie lokesheni. Genge liko nyuma ya nyumba! Kabla sijafungua mdomo, mama yake akanivaa: "Baba nanihii, mtoto atoke peke yake na bodaboda hizi?" Nikanywea, maana kwa hilo ana haki. Baraza waliloketi wazee limekuwa ukuta wenye vigae vya chupa juu, na jirani yangu akimkuta mwanangu amepotea hatajua amrudishe kwa nani. Basi nikatoka mwenyewe. Sijafika gengeni, simu ikalia: "Baba, ukirudi pitia chipsi. Na bando limeisha."

Shule nayo inanituma. Mwalimu alitoa kazi ya nyumbani: mwanafunzi atengeneze mfano wa volkano kwa vitu vinavyopatikana nyumbani. Kumbe vitu hivyo vinapatikana Kariakoo. Mwanafunzi alilala saa tatu usiku, kwa sababu basi la shule linampitia kabla ya jogoo kuamka. Mimi nikabaki mezani na gundi mpaka usiku wa manane. Volkano ilirudi na maandishi ya wino mwekundu: "Ongeza bidii." Enzi zangu, baba yangu hakujua hata niko darasa la ngapi, alijua tu kwamba nina miguu.

Na huyo baba yangu hajastaafu kazi ya kutuma. Amepita miaka themanini, sauti bado ya kiranja mkuu. Anapiga simu mara luku imekata, mara dawa ya mgongo imeisha, na hakati simu mpaka aseme, "Fanya haraka." Asichoweza tena ni kutema mate, kwa kuwa tuko mbali.

Nilivumilia utoto wote nikijua zamu yangu ya kutuma inakuja. Haikuja. Kwa hiyo, msomaji, kama una mtoto anayetumika, anayejua genge lilipo na kurudi na chenji yote, niazime Jumamosi moja tu. Chakula atakula kwangu, na mate sitatema.