Mandera Hapo Tu

Kwa wale korongo wanaozubaa juu ya miti ya mji wetu wa Garissa, Mandera si mbali. Ni kilomita kama 550, nyoosha mabawa uende. Sisi tusio na mabawa tuna hesabu nyingine.

Mpwa wangu anauza simu Dubai, na simu zimemfanya awe mjuzi wa kila kitu. Nilimwambia nina harusi Mandera. Hakuuliza ni ya nani. Alibofya, akanisomea mimi mjomba wake: "Abti, kwa ndege ni saa moja na nusu tu."

Ndege ipi, kijana? Uwanja tunao, sikatai. Anayekosekana ni mtu wa kukuuzia tiketi ya kutoka hapa kwenda Mandera. Nikitaka kuruka, sharti kwanza nishike basi la Nairobi, kilomita 370 nikiipa Mandera kisogo, nilale Eastleigh kwa watu, kesho yake niende uwanja wa ndege wa Wilson. Kutoka hapo ni kilomita 800 nyingine angani, na njia yenyewe inakaribia Wajir. Yaani nimerudi nyuma siku nzima ili nije kupita juu ya jirani.

Au nishike barabara: Modogashe, Habaswein, Wajir, Elwak, Rhamu. Huko usiulize kilomita, uliza kama mvua imenyesha.

Na hilo basi la Nairobi lisikudanganye. Mpwa wangu akija likizo, Dubai hadi Nairobi ni kilomita 3,500 na anatumia saa 5 hivi. Hizo 370 zilizobaki zinammalizia saa 6, tena siku ambayo askari wana haraka zao. Novemba 2023, mto Tana ulipofurika na kumeza barabara ya Madogo, watu walimalizia safari kwa boti. Simu sijui ingepigaje hesabu hiyo.

Kwenye vizuizi tunashuka wote, kitambulisho mkononi, tunavuka kwa miguu. Safari iliyopita mbele yangu alikuwepo mama mmoja aliyekifunga chake kwenye leso, leso ikawa ndani ya pochi, pochi chini ya mfuko wa tende. Askari, kijana wa watu, alimshikia dumu la maziwa ya ngamia wakati mama akifukua. Makanga anagonga bodi, twende, twende! Hatimaye kikatoka.

"Mama, hiki ni cha mwanamume."

"Ndiyo, cha mume wangu. Changu anacho yeye."

"Na yeye yuko wapi?"

"Basi la nyuma."

Tukangoja basi la nyuma. Hakuna aliyenung'unika ila mimi, na mimi nilinung'unika kimoyomoyo, maana nilikuwa karibu na askari.

Lakini kinachonikera hasa ni miraa. Inachumwa kule Meru, inakimbizwa barabarani hadi watu wanaruka mitaroni kuipisha, inafika Nairobi, inapandishwa ndege hadi Mogadishu. Haipangi foleni na kitambulisho. Sababu ni kwamba ikichelewa inanyauka. Na mimi je? Nani amewahi kuniangalia nikishuka basi saa nane za usiku akasema sijanyauka?

Nimemwagiza mpwa wangu aulize wenye ndege za mizigo wanatoza ngapi kwa kilo. Nina kilo 82, nikivua viatu.