Paa la Babu Lisiguswe

Upepo ulioshuka kutoka mlima Bondwa usiku ule wa masika ulivunja tawi la mparachichi, tawi likaangukia jiko la uani. Kulipokucha kila mtu alikuwa na kazi mkononi. Mama mkwe alishika fagio la chelewa, shemeji nyundo, na ngazi ya jirani ilikwisha kuegemezwa ukutani. Watoto walikuwa wakiokota vipande vya paa na kuvipanga kwa ukubwa.

"Hakuna kugusa! Watoto, tokeni hapo!"

Mama mkwe aliliweka fagio chini taratibu, akanitazama. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Kiwanja kile ni chao, na mkamwana hapazi sauti kwenye uani wa mwenyewe. Nilimpigia goti, nikamwomba radhi kwa sauti yangu. Maneno yenyewe sikuyarudisha.

Jiko lile alilijenga marehemu baba mkwe alipoacha kazi katika shamba la mkonge. Mabati yake aliyanunua kwenye nyumba za wafanyakazi zilizokuwa zikibomolewa: ya kijivu, mazito, yenye mawimbi mapana. Hayakushika kutu, hayakupiga kelele mvua ikinyesha, na moto wa kuni haukuyafanya kitu. Alijivunia paa lile. Ni saruji iliyochanganywa na asbesto. Kwa macho peke yake huwezi kuapa, maabara ndiyo inayothibitisha, lakini bati la aina hiyo kwenye jengo la zamani tunalichukulia kuwa ndilo mpaka ithibitike vinginevyo.

Nilimwonyesha mama ukingo wa kipande kilichovunjika, tukiwa tumesimama upande upepo unakotoka. Katika saruji zilichomoza nyuzi nyeupe, laini kama katani iliyochambuliwa. Hizo zinazoonekana zina nafuu. Nyuzi za asbesto huchanika kwa urefu, zikazidi kuwa nyembamba hadi jicho halizioni tena. Huelea hewani kwa saa nyingi, na zikishafika ndani kabisa ya mapafu, nyingine hazitoki. Maradhi yake, kovu la mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando unaoyafunika, huchukua kwa kawaida miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Mwanangu wa darasa la pili aliyekuwa akipanga vipande angeweza kuugua akiwa na watoto wake.

Kuna habari moja ambayo hainitoki kichwani tangu niisome. Mwaka 1960 madaktari watatu wa Afrika Kusini, Wagner, Sleggs na Marchand, waliandika juu ya wagonjwa 33 wa saratani hiyo ya utando, karibu wote wenye uhusiano na eneo la migodi ya asbesto ya buluu huko Rasi ya Kaskazini. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi jirani tu.

Lakini paa zima lililotulia halina ugomvi mkubwa na anayekaa chini yake. Ugomvi huanza likikatwa, likitobolewa, likipigwa nyundo, au vumbi lake likifagiliwa. Tawi lilikwisha kufanya lake usiku. Nilichokiogopa asubuhi ile ni bidii ya watu wema. Mama alitaka uani uwe safi kabla jua halijapanda, na vipande vikubwa vizibe matope ya njia ya chooni. Shemeji alitaka kukata kwa msumeno yale mabati mazima akaezeke banda la kuku. Shemeji huyo anavuta sigara, na kwa mvutaji asbesto huizidisha hatari ya saratani ya mapafu mara nyingi. Nilimwambia hivyo mbele ya mama yake. Alinuna.

Ikabidi mjomba wake aitwe kutoka Matombo aamue. Tulimpa shikamoo, akaketi, akasikiliza pande zote, kisha akauliza kuhusu yeye mwenyewe, aliyelala jikoni humo miaka ya ujana. Nilimjibu nijuavyo: hatari hukua kwa wingi wa vumbi na urefu wa muda, na kulala chini ya paa lisilovunjika si sawa na kulikata. Akatikisa kichwa. "Uani ufungwe."

Tukafunga. Kuku kwanza, maana hakuna anayetimua vumbi kama kuku. Nguo zikaanuliwa, madirisha yakafungwa. Nilinunua bomba jipya la kupulizia, si lile la dawa ya nyanya, nikatia maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo ili yapenye, nikavilowesha vipande kwa manyunyu mepesi, kisha tukavifunika kwa turubai na kulikandamiza kwa mawe. Nguo tulizovaa zilifuliwa peke yake, bila kukung'utwa.

Afisa mazingira wa manispaa alitueleza kuwa hizi ni taka hatarishi. Mkataba wa Basel, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu 1993, unaitaja asbesto, na kanuni zetu zinamtaka anayekusanya na kusafirisha taka kama hizo awe na kibali. Shimo la taka la nyumbani halifai, wala kuchoma, kwa sababu asbesto haiungui.

Mafundi wenye kibali walivaa barakoa za FFP3. Kanga puani au barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Hakuna aliyekanyaga paa, kwani saruji hiyo kuukuu hukatika ghafla na mtu akadondoka. Walilowesha, wakafungua misumari bila kugonga, wakateremsha bati moja moja kwa mikono. Yalifungwa kwa nailoni nzito mara mbili, yakabandikwa onyo. Ardhi iliokotwa kipande kwa kipande, na kuta zikapanguswa kwa matambara mabichi yaliyofungwa pamoja na taka.

Shemeji alitazama yote kutoka barazani. Jioni alinijia, bado amekunja uso, akasema kwenye njia ya shule kuna vipande vya kijivu kama vile vile, vimetandazwa kuziba matope, na watoto wanavikanyaga kila siku. Kesho asubuhi tunakwenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa.