Sifa za Bolti Iliyoshika Kutu

Miongoni mwa watumishi wote wanaostahili kutungiwa utenzi katika mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, hakuna anayepuuzwa kama bolti ya manifoldi ya ekzosi, yaani ile inayobana kwenye injini bomba la matawi linalopokea moshi wa kila silinda. Katika lori kongwe kama Mercedes-Benz 1113, lenye injini ya dizeli ya silinda sita na ujazo wa karibu lita 5.7, bolti hiyo huwa ya mwisho kukubali kwamba injini inafunguliwa, na mara nyingi hufa kabla ya kukubali.

Ubora wake mkuu ni uaminifu kwa kituo cha kazi. Hupokea spana, kipande cha bomba cha kurefushia mpini wa spana, nyundo, moto wa gesi na matusi, wala haijibu. Wataalamu hueleza kwamba chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka kutu, na kwamba kutu hudai nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hujaza hesi, ile mifuo inayouzunguka mwili wa bolti, hadi bolti na tundu lake vikawa kitu kimoja. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayaitendei haki tabia yake. Ilinganishe na mali ya kampuni: kampuni ya Sominki, iliyoundwa mwaka 1976 kuchimba bati katika Maniema na Kivu, iliyumba bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, na katika vita vilivyofuata mali nyingi ya migodi ikang'olewa na kubebwa. Mali hiyo haikuhitaji kulowekwa mafuta ya taa ili ilegee. Mali ya wengi katika nchi hii hulegea yenyewe, ilhali bolti hii humkatalia hata mwenye lori aliye na karatasi zote za umiliki.

Sifa nyingine zitajwe tu: huwapa riziki wauza mafuta ya taa, na humpanulia fundi msamiati wa Kiswahili, Kilingala na Kifaransa kwa mkupuo mmoja.

Kisha kichwa chake hukatika. Hapo mwenye kusifu hukosa maneno, kwa sababu kisiki kilichobaki ndani aghalabu hakitoki ila kwa kutobolewa na keekee, na keekee hutaka umeme, na umeme wa mji huu ni habari ya kusimuliwa! Basi huwashwa jenereta, nayo hunywa mafuta yaliyosafirishwa kutoka mbali, katika mji ambao treni yake kutoka kusini haina ratiba ambayo mtu anaweza kuiapia. Mafuta hayo yana jambo moja la kustaajabisha: mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, hupata sehemu ya fedha zake kutokana na tozo iliyowekwa juu ya mafuta, bila kuuliza kama yanaelekea kwenye gurudumu au kwenye kisiki cha bolti. Hata kikombe cha dizeli kilichomwagwa juu ya bolti jioni ili ilegee usiku kilikwisha kulipiwa tozo hiyo, kwa hiyo bolti hiyo, ikiwa juu ya mawe pamoja na lori lake, inaendelea kuchangia matengenezo ya barabara ya kwenda mji wa Kasongo.