Sifa za Kukamilisha Mraba

Ukikutana na mlinganyo wa kwadrati, watu wa haraka hukimbilia vigawo, na wavivu hukariri fomula. Leo naomba tumpe heshima yake mzee wao, kukamilisha mraba. Na ni mzee kweli: karne ya 9 kule Baghdad, al-Khwarizmi alishautatua kwa njia hiyo mlinganyo x² + 10x = 39. Alichora mraba wa x, akaubandika mistatili miwili yenye upana wa 5, akaona kona moja imebaki wazi. Kona hiyo ni 25. Akaiziba, 39 ikawa 64, upande mmoja 8; ukitoa 5, x ni 3. Hesabu yenye adabu zake.

Fadhila za njia hii ni nyingi. Haibagui namba, ndiyo iliyoizaa fomula, haihitaji bahati. Hayo tuyapite. Fadhila yake kubwa ni kwamba haimwachi mtu akae bure.

Chukua 2x² + 7x + 3 = 0. Kwa vigawo unaandika (2x + 1)(x + 3) = 0, na mtoto yuko kitandani saa mbili usiku. Malezi gani hayo? Kwa kukamilisha mraba, kwanza unagawa kila kitu kwa 2, unapata saba juu ya mbili. Nusu yake, saba juu ya nne. Kipeo chake cha pili, 49 juu ya 16. Unaiongeza kushoto, na kulia pia, maana njia hii haina upendeleo. Kulia ilikuwepo hasi tatu juu ya mbili, nayo lazima itafutiwe asili ya 16. Unabaki na 25 juu ya 16, unatafuta kipeuo, unakumbuka kwamba viko viwili. Kufikia hapo taarifa ya habari imezimwa, shangazi ameacha kuchambua mchele, na ukoo mzima umeinamia daftari moja. Ni sherehe gani siku hizi inayotukusanya hivyo bila mchango? Muuza vifutio naye anapata riziki. Majibu: hasi nusu na hasi 3. Yale yale ya saa mbili usiku.

Mtoto wa kaka yangu aliyapata kwa vigawo. Akapigwa mkasi mwekundu, sifuri.

Sasa jamani. Kama mlitaka kupima kukamilisha mraba, mbona mnatoa namba zinazojigawa zenyewe? Si mngempa x² + 6x + 4 = 0, ahangaike na vigawo mpaka achoke, ndipo aone (x + 3)² = 5 inavyomwokoa? Na ule mraba wenyewe uko wapi? Mchoro wa Baghdad unamalizika kwa kipande cha chaki, lakini daftari zima halina hata kona moja ya mraba. Lina amri tu: chukua nusu, ipe kipeo cha pili, ongeza kote.

Nilimfuata mwalimu, nikamuuliza kwa heshima zote. Akajibu, “Mzazi, kwenye mtihani swali linataja njia. Asipoifuata, hapati kitu.”

Jioni, kwenye tuisheni ya kulipia, mwalimu huyo huyo huanza na vigawo. Anasema vinaokoa muda.