Namna ya Kuulea Mguu wa Matende Usije Ukapungua

Ukiwa mkazi wa Ganda, na mguu wako mmoja umeanza kuuzidi mwenzake unene, jihadhari na maadui. Tangu mwaka 2002 Serikali imekuwa ikigawa vidonge vya kumaliza matende, na ilianzia papa hapa Kilifi. Havilipishwi, kwa hiyo vishuku. Mhudumu wa afya akibisha hodi, mwambie vidonge hivyo ni vya kukufunga uzazi. Minyoo wa matende walioletwa na mbu huweza kuishi ndani ya mishipa ya limfu miaka mitano na zaidi. Mbona uwasumbue wapangaji? Na wapimaji wakija usiku kutaka tone la damu, kwa kuwa vijana wa minyoo hao hutembea kwenye damu saa za usiku, waite mumiani. Mtaa mzima utakuunga mkono.

Maji na sabuni viogope. Mguu unaooshwa kila siku, ukakaushwa vizuri hadi katikati ya vidole, haupati vidonda, na bila vidonda bakteria hawana pa kuingilia. Utakosa zile homa za kukutetemesha, ambazo kila zikipita huuacha mguu mnene kuliko jana. Ukiona milango ni michache, mganga atakuongezea kwa wembe wa chale.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Limfu haina moyo wa kuisukuma kama damu. Hupandishwa na mishipa yake na misuli, hasa ya shavu la mguu, unapotembea au kuchezesha kifundo. Basi keti barazani tangu asubuhi, mguu unaning'inia. Usiku usithubutu kuinua kitanda upande wa miguuni kwa matofali. Bandeji? Chukua kipande cha leso, kaza chini ya goti tu, ili kilicho chini kibaki chini. Mtaalamu wa viungo atakuharibia mpango: huanzia vidoleni, hukaza zaidi kifundoni, kisha hulegeza kadiri anavyopanda, tena asubuhi kabla mguu haujajaa. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, hufungua. Mguu ukiwa na homa, hafungi kabisa. Kabla ya yote hayo, hutaka kujua kama damu inafika vizuri mguuni. Watu wa aina hiyo hawana haraka, ndiyo maana wanafaulu.

Kuhusu kukandwa, miaka ya 1930 Mdenmaki Emil Vodder na mkewe Estrid walibuni ukandaji wa limfu wakiwa Ufaransa. Mkono huvuta ngozi polepole, bila nguvu, ukianza mbali na uvimbe ili kufungua njia kwanza. Upuuzi! Wewe mtafute mkandaji mwenye vidole vya kukamua tui, aanze na unyayo, asiache mpaka jirani waje kuuliza kuna nini.

Wenye mabusha nao wasidhani nimewasahau. Wao hawana haja ya bandeji wala mkandaji: busha hupasuliwa hospitalini, na wengi waliopasuliwa wamerudi shambani na kwenye ngalawa. Anayewaambia kwamba limeletwa na madafu hajui anachosema. Madafu kunyweni, vidonge mezeni, na hospitali nendeni mapema.